Mpeta haungoji: namna ya kuotesha mikarafuu

Kila anayenilalamikia kitalu chake kilichogoma, nikimhoji nakuta mbegu ilianikwa. Mahindi, kunde, hata mkwaju huanikwa zikangoja msimu. Mbegu ya mkarafuu, iliyo ndani ya tunda tunaloliita mpeta, hailali. Inaanguka ikiwa na maji mengi na kiini kinaendelea kukua. Ukiianika umeiua.

Kwanza, acha matawi machache bila kuyachuma ili maua yafunguke na kufanya mpeta. Yaache kwenye mikarafuu kadhaa, hasa iliyostahimili kiangazi bila kupukutika. Miche ya mama mmoja hurithi udhaifu uleule, na jua kali likija huanguka pamoja.

Pili, mpeta ukiiva rangi ya zambarau, okota na uloweke usiku huohuo. Asubuhi menya nyama ya nje kwa vidole.

Tatu, panda papo hapo. Ncha yenye rangi ya waridi ndiyo mzizi, ielekee chini, kina kisizidi sentimita 2. Juu weka kivuli cha makuti. Udongo uwe na unyevu lakini maji yasituame. Huanza kuchomoza siku ya 10 hadi ya 15, na nyingine huchelewa hadi siku 40. Usifukue kuchungulia (mimi nilichungulia, nikavunja mizizi).

Miche ikae kitaluni miezi 18 hadi 24. Kuipeleka shamba, ngoja masika yashike kweli. Siku hizi mvua ya mwanzo ina hadaa.

MASWALI

Mwalimu, nikiiweka kwenye friji si itakaa? (Micheweni)

Haikai, ndugu yangu. Ghala la akiba ya mbegu la Svalbard kule Norwei, lililofunguliwa 2008, lina baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, lakini ni kwa mbegu zinazokubali kukaushwa. Ya mkarafuu ukiigandisha, maji ya ndani huwa barafu yakaipasua.

Basi akiba yetu iko wapi? (Wete)

Imesimama shambani, na isiwe shamba moja. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Pemba ikasalimika, na tangu hapo karafuu nyingi zimekuwa zikitoka huku.

Na mkoko, nao una haraka hivyo? (Mkoani)

Zaidi, Bi mkubwa! Mbegu yake huota ingali juu ya mti. Okota kile kijiti kirefu kilichoanguka, hakikisha ncha zote mbili ni nzima, ukichomeke matopeni.