Jinsi ya kuchambua mfululizo wa mechi saba kabla haujaanza: mfano wa Lakers na Celtics, 2010

Kwa mazoezi, chukua fainali ya 2010 ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, Los Angeles Lakers na Boston Celtics. Wa kwanza kushinda mechi nne ndiye bingwa. Matokeo yanajulikana, Lakers 4-3, kwa hiyo kila unachoandika unaweza kukikagua papo hapo. Jiweke tarehe 2 Juni 2010, siku moja kabla ya mechi ya kwanza, na ujikataze kutumia chochote kilichotokea baadaye mpaka umalize kuandika.

Fungua kalenda kabla ya takwimu. Mwaka ule fainali ilichezwa kwa mpangilio wa 2-3-2: mechi mbili Los Angeles, tatu Boston, mbili za mwisho Los Angeles. (Tangu 2014 ni 2-2-1-1-1, kwa hiyo usibebe hesabu za zamani bila kuangalia.) Andika tarehe zote na siku za kupumzika katikati yake. Timu ngeni inayopata mechi moja kati ya mbili za mwanzo inarudi kwao kucheza tatu mfululizo, ila ikikosa kumaliza kazi pale itafungia safari ugenini. Kwa Celtics hilo lilikuwa na uzito, maana Kevin Garnett na Ray Allen walikuwa na miaka 34 na Paul Pierce 32. Mtajie msomaji na saa: mechi ya Alhamisi usiku Los Angeles, kwa Dar au Nairobi ni saa kumi alfajiri ya Ijumaa.

Kisha upasue msimu. Celtics walimaliza na ushindi 50 na vipigo 32, Lakers 57-25. Aliyesoma jedwali peke yake aliona tofauti ya mechi saba akaridhika. Lakini Boston walianza 23-5, halafu wakaenda 27-27 hadi mwisho. Hizo ni timu mbili ndani ya jezi moja, na wastani wa msimu hauonyeshi hata moja. Kwenye mchujo wakawatoa Cleveland waliokuwa na ushindi 61, na Orlando waliokuwa na 59, wote kwa 4-2. Tenganisha mafungu matatu: mwanzo wa msimu, mwisho wa msimu, na mchujo. Kwenye kila fungu uliza nani alikuwa mzima na nani alikuwa anachechemea.

Mechi za msimu ambazo timu hizi mbili zilikutana ndizo zinazodanganya wengi. Januari Lakers walishinda Boston 90-89. Februari Celtics walishinda Los Angeles 87-86. Ukiishia hapo utaandika "timu zimelingana kabisa". Fungua orodha ya waliocheza: ile ya Februari Kobe Bryant, nyota wa Lakers, hakuwepo, alikuwa majeruhi. Mechi isiyo na mchezaji mkubwa itaje, lakini usiipe uzito wa ushahidi.

Sasa hesabu. Vitu vinne vinatosha: ubora wa mitupo, mipira iliyopotezwa, ribaundi za kushambulia (kudaka mpira ambao timu yako imetupa ukakosa kikapu), na mitupo huru (inayotolewa baada ya faulo). Ubora wa mitupo hupatikana hivi: jumlisha vikapu vyote na nusu ya vile vya pointi tatu (vya kutoka mbali), ugawanye kwa mitupo yote, bila ile huru. Tuijaribu kanuni hii kwenye mechi ya saba ili uone kwa nini kipimo kimoja hakitoshi. Lakers walipata vikapu 27 kwa mitupo 83, vinne vikiwa vya pointi tatu. (27 + 2) / 83 ni asilimia 35. Boston 29 kwa 71, sita vya pointi tatu: (29 + 3) / 71, asilimia 45. Boston walitupa vizuri zaidi, na kwa mbali. Wakafungwa 83-79.

Tazama kilichobaki. Lakers walichukua ribaundi 23 za kushambulia, Boston 8, ndiyo maana Lakers wakatupa mara 12 zaidi. Mitupo huru Lakers walipewa 37, Boston 17. Tarehe 2 Juni namba hizo hazikuwepo, lakini dalili ilikuwepo: Celtics msimu mzima walikuwa kati ya timu dhaifu kabisa kwa ribaundi, na upande wa pili kulikuwa na Pau Gasol, Andrew Bynum na Lamar Odom. Katika mechi zote saba, timu iliyozidi kwa ribaundi ndiyo iliyoshinda. Uchambuzi uliotenga aya nzima kwa suala hili ungekuwa umeona mbali. Uliojaa habari za Kobe na uhasama wa miaka ya Magic Johnson na Larry Bird, nyota wa zamani wa timu hizi, ungesomeka vizuri tu.

Baada ya hapo, nani anamkaba nani. Usipange kwa namba za nafasi. Panga kwa kile kocha anachoogopa. Kobe alipangwa kwa Rajon Rondo wa Celtics, kwa sababu Rondo hakuwa mtupaji wa mbali: unamwachia hatua kadhaa, unaziba njia ya kikapu. Gharama yake ni kwamba Derek Fisher wa Lakers, mfupi, anabaki kumkimbiza Ray Allen kwenye skrini (mwenzake Allen anaposimama kumzibia njia mkabaji) usiku kucha. Ron Artest, naye wa Lakers, kwa Pierce. Kila pambano andika faida na gharama yake. Lisilo na gharama hujalielewa bado.

Majeruhi na adhabu visipewe mstari mmoja wa mwisho. Goti la Bynum lilikuwa na jeraha, hivyo dakika zake zisichukuliwe kuwa za uhakika. Kendrick Perkins wa Celtics aliingia fainali akiwa na faulo sita za kiufundi (za utovu wa nidhamu) kwenye mchujo, na ya saba humfungia mchezaji mechi moja. Sentensi ya kuandika ni hii: "Perkins akikosekana, nani anachukua ribaundi?" Alipoumia goti mechi ya sita, swali hilo ndilo lililobaki mezani, na mechi ya saba Rasheed Wallace akaanza badala yake.

Utabiri utoe mshindi, idadi ya mechi, na jambo litakalokubadilisha mawazo. Kuhusu uhakika uwe mkweli: timu yenye nafasi ya asilimia 60 kwenye kila mechi hushinda mfululizo wa saba kwa asilimia 71 hivi, yenye 55, kama 61. Ukiandika "hawana nafasi", hakikisha hesabu yako inasema hivyo.

Mfululizo ukianza, acha uchambuzi wako ukae angalau mechi tatu kabla hujaufuta. Mechi ya pili Allen alifunga pointi tatu mara nane, rekodi ya fainali wakati huo. Ya tatu akatupa mara 13, hakuingiza hata moja.