Namna ya kuandika historia ya timu iliyokufa, msimu kwa msimu

Timu yetu ya mtaa hapa Isevya, Tabora, ilishakufa, na wanaoikumbuka ni wazee wa bao. Ukitaka kuandika historia ya timu kama hiyo, usikimbilie wazee. Tafuta kwanza daftari la kaunta, kila msimu upe ukurasa wake, hata kama utakaa mtupu.

Halafu ujue msimu ni nini. Zamani Ligi Kuu ilianza na kuisha ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 2007 ikachezwa ligi ndogo, Simba wakaibeba, ndipo ukaja msimu wa 2007/08 unaovuka mwaka. Ukimwandikia msomaji "1985/86" ataona hukufanya kazi.

Kila ukurasa: daraja, mechi, pointi, nafasi, kocha. Kwa mfano Rhino Rangers wa hapa hapa Tabora, 2013/14: Ligi Kuu, timu 14, mechi 26, walipanda pamoja na Mbeya City na Ashanti United, wakashuka pamoja na Ashanti na JKT Oljoro.

Sasa nenda kwa wazee. Mzee usimwulize mwaka. Atakutajia wowote ili umwachie kahawa yake. Muulize: Sokoine alikuwa hai? Huyo alifariki Aprili 1984. MV Bukoba ilikuwa imeshazama? Hiyo ni Mei 1996. Akisema mlicheza na Sunderland, huenda ni kabla ya 1971 walipojiita Simba, ingawa wapo wanaosema Sunderland mpaka leo kwa ubishi tu.

Picha nazo zigeuze. Ninayo moja, vijana wamechuchumaa mbele ya goli lisilo na nyavu, na nyuma yake kwa kalamu ya bluu: "Tumepigwa 3-1. Refa kala." Matokeo nimeyachukua. La refa nimeliacha, maana mwandiko ni wa kipa.

Msimu wa mwisho ndio mgumu, kwa sababu timu za mtaani hazifi kwa barua. Nauli ya ugenini inakosekana, jezi zinabaki kwa katibu, basi. Mimi nafunga hesabu kwenye mechi ya mwisho iliyochezwa kweli. Zile tulizonyang'anywa pointi kwa kutotokea uwanjani naziandika chini yake, kwa penseli.