Kirusi kimoja hukifungulia kingine mlango: kulinda mbegu ya viazi vitamu

Shina la kiazi kitamu linaweza kubeba kirusi cha SPFMV (Sweet potato feathery mottle virus) msimu mzima na mkulima asione kitu, pengine vijipete vya zambarau kwenye majani makuukuu tu. Inzi weupe wakileta kirusi cha pili, SPCSV (Sweet potato chlorotic stunt virus), shina hilohilo hubadilika ndani ya wiki chache. Majani mapya hutoka membamba na kukunjamana, mishipa yake hupauka, marando hudumaa, na mavuno yanaweza kupungua kwa zaidi ya asilimia 90.

Virusi vyote viwili hubeba maagizo yao kwenye RNA, uzi wa kemikali ulioandikwa kwa “herufi” nne. SPFMV ikiingia ndani ya seli, mmea husomeshwa RNA hiyo na kutengeneza protini moja ndefu, ambayo hujikata yenyewe vipande kama kumi. Kimoja hunakili RNA, kingine huwa ganda la virusi vipya, vingine ndivyo vyenye kukata. Wakati wa kunakili, RNA hukaa nyuzi mbili kwa muda, na hapo mmea humtambua adui: huikatakata vipande vya herufi 21 hadi 24, kisha huvitumia kama sampuli ya kusaka na kuharibu RNA yoyote inayofanana navyo. Ndiyo maana SPFMV ikiwa peke yake hubanwa.

SPCSV huja na protini iitwayo RNase3, inayovikata tena vipande hivyo hadi herufi kama 14, vifupi mno kuwa sampuli. Ulinzi ukivunjika, SPFMV huongezeka mara mia kadhaa. Mimea iliyopandikizwa jeni ya RNase3 peke yake, bila SPCSV yenyewe, nayo iliugua vibaya ilipoambukizwa SPFMV. Kwa hiyo adui wa kuzuiwa kwanza ni SPCSV.

Bahati nzuri, ndiyo inayozuilika. Kidukari huchukua SPFMV kwa kuchoma jani sekunde chache tu, na dawa humuua akiwa ameshaambukiza. Inzi mweupe anahitaji kunyonya kwa saa kadhaa ili aibebe SPCSV vizuri. Chandarua chenye matundu madogo juu ya kitalu humnyima nafasi hiyo, mradi kingo zake zifukiwe udongo na kila mpasuko ushonwe siku unapoonekana.

Mbegu, yaani marando ya kupanda, ichaguliwe shamba likiwa bado la kijani, kabla ya kuvuna. Kosa kubwa ni kusubiri mavuno yaishe na kukata marando yaliyosalia: mara nyingi yaliyosalia ni ya mashina ambayo hayakuzaa, na hayakuzaa kwa sababu yana ugonjwa. Funga kamba ya alama kwenye mashina yasiyo na dalili. Shina likiwa na tawi moja lenye majani yaliyokunjamana, liache lote, hata matawi yake mengine yakipendeza, kwa sababu virusi vimeshasambaa mwilini. Kata ncha za sentimita 20 hadi 30. Sehemu ya chini iliyokomaa iache, huko fukusi hutaga mayai. Ukitaka kuzalisha haraka kitaluni, kata vipande vya pingili tatu, panda sentimita 10 kwa 20, pingili mbili zikiwa ardhini.

Kwa mwezi wa kwanza pita kila wiki. Tikisa marando kidogo uone kama inzi weupe wanaruka, kisha geuza majani machanga utazame upande wa chini. Shina lenye dalili ling'olewe na mizizi yake, litiwe ndani ya mfuko hapohapo ili inzi wasihamie jirani, kisha lifukiwe au apewe mnyama. Likitupwa ukingoni litachipua tena.

Shamba jipya lisigusane na la zamani. Hata pengo la mita 15 lisilo na viazi hupunguza maambukizi, lakini pengo hilo halina maana ikiwa maotea ya msimu uliopita yamebaki katikati yake. Yang'oe kabla ya kupanda.