Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupasha Joto Chumba cha Mbao cha Uani

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kipupwe chake, hasa Juni na Julai, huwashangaza wageni waliodhani kwamba nchi kavu haina baridi. Aliyelala katika nyumba ya matofali huongeza blanketi, lakini aliyejenga chumba cha mbao uani hufuatwa na upepo hadi kitandani.

Anza na nyufa, hita baadaye. Mbao za paini mara nyingi hupigiliwa zikiwa bado mbichi, kisha kiangazi chetu huzikausha, zikasinyaa na kuachana. Ingia mchana, funga mlango, na uzibe kila mahali mwanga unapopenya, isipokuwa tundu la hewa la juu. Weka dari chini ya bati. Tandika mkeka au zulia.

Hita ya umeme ya wati 2,000 hula uniti 2 za LUKU kwa saa moja, kwa hiyo iwashe kabla ya kulala, kisha uizime. Usiitegemeze kwenye ekstensheni nyembamba iliyotambazwa kutoka sebuleni. Mwite fundi avute waya wa milimita za mraba 2.5 wenye swichi yake.

Jiko la mkaa lisiingie ndani kabisa. Julai moja shemeji yangu alitutembelea kutoka Tanga, nami, nikiona fahari kwamba chumba nilikuwa nimekiziba vizuri, tena hadi lile tundu la juu nikalijaza matambara, nilimwekea jiko ambalo mkaa wake ulikuwa umeshika na kuwa mwekundu, bila moshi hata kidogo. Kando yake niliweka sufuria ya maji, kama tulivyozoea kuambiwa. Saa nane usiku nilitoka kwenda msalani, nikasikia kitu kikikwaruza mlango wake kwa chini. Alikuwa amepiga magoti, mkono umefika kwenye komeo lakini vidole havina nguvu ya kulivuta. Nilipovunja mlango na kumburuta nje alitapika mchangani, nasi tukalaumu samaki wa jioni. Hospitalini daktari hakuuliza habari za samaki. Aliuliza kama mgonjwa alilala na jiko, kisha akamwekea oksijeni.

Sumu hiyo ni kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu na kuizuia kubeba oksijeni. Moshi ukiisha, yenyewe haijaisha. Maji ya sufuria hayaifyonzi, na kadiri unavyoziba nyufa ndivyo inavyozidi kujaa. Anayeamka na kichwa kizito, kichefuchefu na miguu isiyomtii atolewe nje kwanza; maswali yafuate.

Kagua pia komeo, lifunguke kwa mkono mmoja gizani. Pazia lisiguse hita, nguo mbichi zisianikwe juu yake, mtoto asiachwe nayo peke yake, na mgeni aelekezwe yote haya kabla hajazima taa, hata kama anasinzia.