Umefukuzwa kazi Mbeya au Iringa? Hivi ndivyo unavyofungua shauri CMA

Anza na kalenda. Una siku 30 za kufikisha malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo kila mtu anaiita CMA. Zinahesabiwa tangu ulipoachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho kama ulikata rufaa kwake. Wengi ninaowaona wakikwama hawana kesi mbovu; mwezi mzima walikuwa wanamfuata bosi anayesema "njoo wiki ijayo tuongee". Mbembeleze ukitaka, lakini fomu iende.

Kama hukutimiza miezi 6 kazini, dai la kuachishwa isivyo haki halikuhusu.

Kabla ya fomu, andika mambo yalivyokwenda, siku kwa siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na pia afuate utaratibu wa haki. Hapo ndipo watu wanajikatia tamaa wenyewe: "Kweli mbao zilipotea zamu yangu, nitadai nini?" Unadai utaratibu. Ulifanyika uchunguzi? Ulipewa tuhuma kwa maandishi, kwa lugha unayoielewa, na angalau saa 48 za kujiandaa? Uliruhusiwa kuingia kwenye kikao na mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi? Mlinzi akikuzuia getini Mafinga saa moja asubuhi kwamba jina lako limefutwa, hakuna hata kimoja kilichofanyika. Na wa kuthibitisha kwamba alikuachisha kwa haki ni mwajiri, si wewe.

Sasa chukua Fomu Namba 1 ya CMA. Unafungua kwenye ofisi ya eneo mgogoro ulikotokea: aliyefukuzwa shamba la chai Rungwe anakwenda Mbeya, wa Mufindi anakwenda Iringa. Jaza na Sehemu B, maana ni ya walioachishwa kazi tu na ndiyo inayorukwa sana. Eleza kasoro za sababu na za utaratibu, kila moja mahali pake. Andika unachodai: kurudishwa kazini au fidia, pamoja na likizo, notisi na mishahara ambayo hujalipwa. Saini.

Mpelekee mwajiri nakala kwanza, apokee kwa saini au mhuri. Akigoma, tuma kwa rejista ya posta na utunze risiti. Uthibitisho huo ndio unaoambatanishwa na fomu unapoiwasilisha.

Umechelewa? Ongeza Fomu Namba 2 na kiapo chenye sababu ya kila siku iliyopita. "Sikujua sheria" haikubebi.

Mtaitwa kwenye usuluhishi, ambao kwa kawaida humalizika ndani ya siku 30. Mkishindwana, shauri linakwenda kwa mwamuzi. Usikose tarehe hata moja, kwa sababu mlalamikaji asipofika shauri linaweza kufutwa. Usiporidhika na tuzo, yaani uamuzi wa mwamuzi, una wiki 6 tangu uipokee kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.