SOMO: Jaji anaondolewaje kazini Tanzania

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, kuanzia Uyole hadi Njombe. Leo naliandika lote hapa.

1. Hakikisha ni jaji. Hakimu, yaani wa mahakama za chini ya Mahakama Kuu, ana njia yake.

2. Tenganisha hukumu na mwenendo. Hapa nilimponza mjomba wangu. Alishindwa kesi ya shamba Mahakama Kuu, nami kwa hasira nikamwandikia barua ya kumlalamikia jaji. Tukakaa kusubiri majibu. Siku 30 za kuwasilisha notisi ya rufaa (taarifa kwamba unakusudia kukata rufaa) zikapita, tukabaki kuomba kuongezewa muda, na ombi hilo halikubaliwi bila sababu ya msingi. Jaji kuielewa sheria tofauti na wakili wako si utovu wa nidhamu. Ibara ya 107B ya Katiba inamlinda. Hukumu inapingwa kwa rufaa. Tafadhali, hesabuni siku kabla ya kuandika lalamiko lolote!

3. Sababu ni mbili tu, Ibara ya 110A: kushindwa kazi kwa maradhi au sababu nyingine, au mwenendo unaokiuka maadili.

4. Rais akiona suala lichunguzwe, anaunda Tume ya watu wasiopungua watatu. Mwenyekiti na angalau nusu ya wajumbe wengine ni majaji wa nchi za Jumuiya ya Madola. Anaweza pia kumsimamisha jaji kazi, baada ya kushauriana na Jaji Mkuu.

5. Tume ikishauri aondolewe, anaondolewa. Bunge halihusiki.

MASWALI

Mdau, Makambako: Kwa hiyo mbunge wetu apeleke hoja Dodoma?
— Rudia namba 5.

Mdau, Mbarali: Jaji kaninyima shamba, nianzie wapi?
— Namba 2, ndugu. Hukumu ilitoka lini? Anza na tarehe.

Mdau, Tukuyu: Shikamoo mwalimu. Mbona Kenya na Marekani ni tofauti?
— Marahaba, umeuliza vema. Kenya mwananchi yeyote hupeleka ombi Tume ya Utumishi wa Mahakama. Ikiridhika, hulipeleka kwa Rais, naye huunda jopo ndani ya siku 14. Marekani Baraza la Wawakilishi hushtaki, Seneti huamua kwa theluthi mbili. Jaji Samuel Chase wa Mahakama ya Juu ya huko alishtakiwa mwaka 1804, Seneti ikamwachia 1805, akaendelea na kazi.

Mama, Mafinga: Hakimu wa mahakama ya mwanzo akidai hela?
— Pole mama. Kuna Kamati ya Maadili ya wilaya, mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya. Rushwa ipeleke TAKUKURU. Andika namba ya kesi na tarehe, nakala yako igongwe mhuri.

Mdau, Tukuyu: Na mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, naombaje kwa ajili ya rufaa?
— Kwa barua kwa msajili, ndani ya siku 30 zilezile, na mpinzani wako apewe nakala.