Dawa za presha na sukari za kila mwezi: kuzichukua bila pengo, na kuzipitia na daktari

Wiki hii pekee nimeulizwa mara sita jinsi ninavyohakikisha mama hakosi dawa hata siku moja. Nimejibu kwa simu, nimejibu kwenye ngazi za ploti, nimejibu Jumapili nje ya kanisa. Sasa naandika yote hapa, na atakayeuliza tena nitamtumia somo hili.

Mama ana presha na sukari, mimi nina presha. Si daktari mimi. Ninachojua nimekipata kwa miaka mingi ya kukaa kwenye viti vya kliniki hapa Nairobi. Jambo ninalotaka lishike ni hili: kuchukua dawa ni kitu kimoja, kupitia dawa ni kingine. Ukipimwa presha, ukaandikiwa "endelea", ukapita dirishani, umechukua dawa. Kupitia dawa ni pale daktari anaposhika moja moja na kuuliza kama bado unaihitaji, kama dozi inafaa, kama inagombana na nyingine. Nina majirani waliochukua dawa miaka saba bila kuzipitia hata mara moja.

Hatua ya 1. Tenga daftari la kliniki tu: jina, simu ya mtu wa nyumbani, na dawa zinazokudhuru.

Hatua ya 2. Hesabu tembe kabla ya kuondoka dirishani. Kwenye kitabu utaona TCA, yaani siku ya kurudi. 2/52 ni wiki mbili, 1/12 ni mwezi mmoja, 3/12 ni miezi mitatu. Ukiandikiwa 6/52 na ukapewa tembe 30 za kumeza moja kwa siku, siku 42 hazitafika. Utapungukiwa na 12. Sema hapo hapo. Kama dirisha halina, omba karatasi yenye jina la dawa, nguvu yake na muhuri, ukanunue nje.

Hatua ya 3. Andika jina la dawa yenyewe, si jina la pakiti. Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mama alikuwa anameza amlodipine, dawa ya presha, ya miligramu 10, moja kila asubuhi. Mwezi mmoja hospitali haikuwa nayo, nikanunua kwenye duka la dawa karibu na stendi. Pakiti ilikuwa ya buluu na jina sikulijua. Kliniki iliyofuata hospitali ilikuwa nayo tena, pakiti nyeupe, jina lingine kabisa. Nikaona dawa mbili, nikadhani daktari ameongeza moja, nikazipanga zote mbili kwenye kisanduku cha wiki. Siku tisa mama alimeza miligramu 20 kwa siku, na 10 ndiyo ya juu kabisa kwa mtu mzima. Miguu ikavimba mpaka viatu vikakataa. Akisimama anashika ukuta. Nikasema ni uzee, nikamkanda miguu kwa maji ya chumvi. Siku ya kumi akaanguka bafuni. Namshukuru Mungu hakuvunjika.

Klinikal ofisa aliyempokea aliniambia nirudi nyumbani nilete kila dawa iliyomo. Alizimwaga mezani, akageuza karatasi zinazong'aa zenye tembe upande wa nyuma, akaweka kidole kwenye maandishi madogo: amlodipine hapa, amlodipine pale. Tangu siku hiyo nafanya hivi, na nawaomba mfanye:

Jina kubwa la mbele ni la kampuni. Kila kampuni ina lake. Jina dogo ndilo dawa. Liandike kwenye daftari herufi kwa herufi, kama lilivyochapishwa, pamoja na miligramu. Pakiti mpya ikiingia nyumbani, linganisha na daftari kabla ya kuifungua. Ukikuta jina dogo lile lile, ni dawa ile ile hata rangi na umbo vikibadilika. Angalia pia zile zilizochanganywa mbili ndani ya tembe moja, kwa mfano losartan na hydrochlorothiazide, zote za presha. Mtu anaweza kumeza hiyo na huku bado ana losartan peke yake kwenye droo. Dawa iliyosimamishwa ondoa nyumbani siku hiyo hiyo, irudishe kwa mfamasia. Usiitunze "kwa dharura".

Hatua ya 4. Siku ya kupitia dawa beba kila kitu ndani ya mfuko. Kila kitu: za maumivu, za kuongeza damu, mizizi ya kuchemsha, unga uliotumiwa na shangazi kutoka kijijini. Diclofenac na ibuprofen tunazomeza kwa mgongo zinaweza kupandisha presha, na zikikutana na dawa za presha kama enalapril au losartan pamoja na dawa ya kukojoza, figo zinaweza kuumia. Daktari hawezi kuonya juu ya kitu ambacho hujamwonyesha.

Hatua ya 5. Angalau mara moja kwa mwaka, sema wazi: "Daktari, leo naomba tupitie dawa zote." Foleni ni ndefu na ana dakika chache, kwa hiyo andika maswali usiku. Hii ni ya nini? Bado naihitaji? Inataka nipimwe nini? Anayetumia enalapril au losartan apimwe damu, kreatinini (ya figo) na potasiamu (chumvi ya damu). Mwenye sukari apimwe HbA1c. Sukari ya kidole ni ya siku hiyo, HbA1c inaonyesha wastani wa karibu miezi mitatu. Aliyekaa na metformin, dawa ya sukari, miaka mingi aulize kuhusu vitamini B12, hasa kama miguu inakufa ganzi. Kikohozi kikavu kisichoisha na unatumia enalapril? Kitaje. Jirani yangu alinunua dawa za kikohozi mwaka mzima. Dawa ya presha ilipobadilishwa, kikaisha.

Hatua ya 6. Weka akiba ya wiki mbili, na tumia ya zamani kwanza. Mgomo wa madaktari wa 2024 ulianza tarehe 14 Machi ukaisha tarehe 8 Mei, siku 56. Mwingine, ulioanza Desemba 2016, ulikwenda siku 100. Waliokuwa na tembe tano nyumbani wanajua walivyohangaika.

*Maswali*

Dereva wa Rongai: TCA ni nini?

Hatua ya 2. Soma kwanza, ndugu.

Mama Pacha, Kayole: Asante sana. Hospitali ina za miligramu 10 tu na mimi natumia 5. Naweza kukata katikati?

Swali zuri, dada. Tembe yenye mstari katikati kwa kawaida hukatika sawa. Muulize mfamasia kuhusu hiyo uliyo nayo, na ukate moja kwa wakati, si pakiti nzima. Ila kuna zisizokatwa kamwe. Ukiona "retard", "SR" au "XR" baada ya jina, kama nifedipine retard au metformin XR, hiyo imetengenezwa itoke polepole. Ukiikata inaweza kutoka yote kwa mpigo.

Fundi Umoja: Presha yangu sasa ni 120 kwa 80, nimeacha dawa wiki mbili. Niko sawa?

Hapana. Imeshuka kwa sababu ulikuwa unameza. Nenda upimwe kesho.

Fundi Umoja: Nimeuliza tu, mbona mkali?

Sina ugomvi na wewe. Nimezika mjomba aliyeacha kwa sababu hiyo hiyo. Nenda kesho.

Biashara Gikomba: Tuma picha ya dawa za mama nami ninunue kama hizo, dalili zinafanana.

Sitatuma. Dalili kufanana si kupimwa.

Kitinda Mimba: Siku ya kupima sukari bila kula, dawa za asubuhi nazo niache?

Ya presha, mama humeza na maji kidogo. Wengi huiacha, wakifika presha iko juu, daktari anaongeza dozi bure. Ya sukari ni tofauti: sindano ya insulini, au glibenclamide, ukiipata huku tumbo tupu sukari inaweza kushuka ukazimia. Kliniki yetu ilituambia tubebe na chakula, atumie akishatolewa damu. Waulize wa kwenu wakupangie, na uandike jibu kwenye daftari.

Binti wa Kawangware: Dada yangu anatumia losartan na amegundua ana mimba. Kliniki ni mwezi ujao.

Asingoje mwezi ujao, mama. Aende kesho, aseme mambo yote mawili mlangoni: nina mimba, natumia losartan. Losartan na enalapril zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ziko zinazotumika kwa wajawazito, kama methyldopa, lakini abadilishiwe na daktari, asijibadilishie. Utuambie amefikaje.

Mzee wa Kibera: Sina friji. Insulini naiweka wapi?

Shikamoo mzee. Chupa unayotumia si lazima iwe kwenye friji. Nyingi hukaa wiki nne mahali pa baridi, mbali na jua na jiko. Andika tarehe ya kuifungua. Zile ambazo hujafungua ndizo zinataka baridi. Ziweke ndani ya chombo kikavu kilichofungwa, kisha ndani ya chungu cha udongo kilichotiwa maji chini, na uulize kituo cha karibu kama watakuhifadhia. Isigande; ikiganda tupa.

Mama Pacha, Kayole: Na Desemba tukisafiri?

Mkobani, magotini. Si kwenye buti la matatu, si kwenye dashibodi. Na chukua za mwezi mzima kabla ya tarehe 15, maana kila mtu anazitafuta wiki ile ya mwisho.

Mjukuu wa Mathare: Nyanya yangu hasomi. Nimemchorea jua kwenye boksi la asubuhi na mwezi kwenye la usiku. Ya mara mbili ina vyote. Hajakosea tangu Pasaka.

Hili sikuwa nalo. Mama anasoma, lakini macho yamechoka. Leo jioni natafuta kalamu nene.